Neti ya nyumbani kijijini inanitesa, nifanyeje?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Naishi kijijini mbali na mnara, rauta iko sebuleni, mchana afadhali ila usiku video inazunguka tu na mtoto anashindwa kusoma. Niongeze bando au nihamie setilaiti?

JIBU: Pole sana ndugu yangu, najua inavyouma mtoto akikaa anaitazama skrini haifunguki. Bando usiongeze kwanza, bando kubwa haliongezi signali. Ingia kwenye setingi za rauta utafute namba ya RSRP, yaani kipimo cha nguvu ya signali ya mnara, ikiwa kama -80 uko vizuri, ikishuka hadi -110 au chini zaidi, kama -115, hapo signali ni dhaifu kweli, sasa ihamishe rauta dirisha kwa dirisha upande wa mnara huku unaiangalia hiyo namba, maana bati na kuta nene zinakula signali sana. Bado mbovu? Funga antena ya nje juu ya paa, ielekee mnara, na waya uwe mfupi, mrefu nao unapoteza signali.

Ila hilo la usiku tu linanipa wasiwasi. Pima spidi alfajiri halafu saa mbili usiku, kama alfajiri inakimbia basi mnara unazidiwa na watu na antena peke yake haitakuponya, jaribu laini ya mtandao mwingine kabla hujanunua chochote.

Setilaiti iwe ya mwisho. Chagua zinazozunguka chini, kama kilomita 550 hivi, zile za kilomita 36,000 hivi zinachelewesha hata maongezi ya video. Na dishi linataka anga wazi, mti mmoja tu unakata.