Hayo matone weka kando

Tanga, Chumbageni

Mwanangu Mwanahamisi,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unauliza kama kweli bakteria wanaishi kwenye jicho zima lisiloumwa, na kama uendelee kujitia yale matone ya antibayotiki kila asubuhi kabla ya kuvaa lenzi za machoni.

Wapo, mwanangu. Wako juu ya jicho na kwenye kope, ila ni wachache mno ukiwalinganisha na wa mdomoni au tumboni. Wengi ni jamaa za wale wa ngozini: stafilokoka wapole, korinebakteria na wenzao. Machozi ndiyo yanayowapunguza. Mwaka 1922 mwanasayansi Alexander Fleming alieleza juu ya lisozaimu, kimeng'enya cha kwenye machozi kinachopasua kuta za bakteria. Machozi ya kufanyia kazi aliyapata kwa limau, watu wakikamuliwa machoni! (Sisi hapa ndimu ya samaki ikituruka tu, nyumba nzima inajua.) Tena kila ukipepesa, kope inafagia.

Nilifanya kazi kliniki ya macho miaka mingi nikiamini kila bakteria wa jichoni ni adui. Kisha nikasoma utafiti wa Marekani wa 2017. Panya waliokuwa na aina fulani ya korinebakteria machoni, kinga yao ya mwili ilikuwa chonjo muda wote kwa sababu ya mpangaji huyo, na kuvu haikuwapata kirahisi. Ni panya, si watu, najua. Lakini usiku ule niliyawaza matone yote niliyokuwa nikigawa.

Antibayotiki haichagui nani mpole nani mkorofi. Virusi nao haiwagusi kabisa. Mwaka 2024 macho mekundu yalipovuma hapa nchini, yalikuwa ya virusi, na watu bado walijimiminia matone hayo.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni lenzi zenyewe. Watafiti wa New York mwaka 2015 waliona bakteria wa macho ya wavaaji wanafanana zaidi na wa ngozi. Mimi navishuku vidole. Nawa kwa sabuni, kausha mikono, usizisuuze kwa maji ya bomba, wala usilale nazo. Jicho likiuma au ukiona ukungu, zivue, uende hospitali siku hiyo hiyo.

Shangazi yako anauliza Idi unakuja. Ukija, njoo na miwani.

Mama yako