Aliyeanza na sauti

Swali lenu la wiki hii linauliza: wageni wakija kupiga filamu nchini kwetu, wanatuachia nini? Wengi watataja watalii na fedha za hoteli. Mimi naona inategemea vijana wetu wamepewa kazi gani, na mfano wangu unatoka Kirgizia, nchi ya Asia ya Kati, enzi za Kisovyeti.

Larisa Shepitko alikuwa bado mwanafunzi wa uongozaji Moscow alipokwenda kwenye nyika za huko kupiga filamu yake ya kuhitimu, "Joto", iliyotoka mwaka 1963. Hadithi ilikuwa ya Chingiz Aitmatov, Mkirgizi. Jua lilikuwa kali mno, na mwongozaji mwenyewe aliugua kazi ikiendelea. Fundi sauti wake alikuwa kijana wa huko huko, Tolomush Okeev, aliyezaliwa mwaka 1935 kando ya ziwa Issyk-Kul. Kijana mwingine wa Kikirgizi, Bolotbek Shamshiev, aliigiza mhusika mkuu. Wote wawili walikuja kuwa waongozaji wakubwa.

Okeev alikwenda Moscow kusomea uongozaji, na mwaka 1966 akatoa filamu yake ndefu ya kwanza, "Anga la Utoto Wetu". Mzee Bakai anachunga farasi milimani. Barabara mpya inakatwa, wafugaji wanazidi kusukumwa juu, na watoto wake wakubwa wamekwisha hamia mjini. Anatamani walau kitinda mimba abaki naye. Kinachonigusa ni kwamba Okeev hamlaumu mtu. Watoto wanapokwenda shule unafurahi kwa ajili yao, na papo hapo unamwonea mzee uchungu. Filamu yake hii naiweka juu ya zote, hata ya "Mzao wa Chui wa Theluji" iliyompatia tuzo ya Dubu wa Fedha kwenye tamasha la filamu la Berlin mwaka 1985.

Aliitetea pia kazi ya wenzake: aliongoza chama cha watengenezaji filamu wa jamhuri yake, na baada ya uhuru akawa balozi nchini Uturuki. Alifariki mwaka 2001, na studio ya taifa mjini Bishkek inaitwa kwa jina lake.

Sisemi kwamba Shepitko ndiye aliyemtengeneza. Okeev alikuwa amekwisha somea ufundi wa sauti Leningrad, na nchi yake ilikuwa na studio tangu miaka ya 1940. Mgeni alipofika, alimkuta fundi wa kumkabidhi kazi yenyewe. Kwetu vijana wengi huitwa kubeba vyombo, kuendesha magari na kujaza umati. Filamu ikiisha, wanarudi walikokuwa. Ningependa ofisi zinazotoa vibali vya kupiga filamu ziandike kwenye kibali chenyewe kwamba kwenye sauti, kamera na uhariri lazima wawepo mafundi wa hapa, walipwe kama mafundi, na majina yao yatokee mwishoni mwa filamu pamoja na ya wenzao.