Madhabahuni nawaka, chumbani nazimika: majibu ya barua zenu

Safari hii barua zimenichekesha na kuniliza kwa pamoja. Karibia zote ni za maombi, na sio mnaoomba muombewe, hapana, ni watu wanaosema kuomba kwenyewe kumewashinda. Nimechagua nne, majina nimeyaficha kama kawaida yetu, na ya kwanza nimeipa nafasi kubwa maana najua ni ya wengi mnaokaa viti vya mbele ila hamthubutu kusema.

SWALI: Bwana asifiwe mama. Mimi ni dada wa miaka 34, niko idara ya maombi mwaka wa sita sasa. Nikishika maiki pale mbele watu wanalia, ibada ikiisha wananifuata wananiambia dada una upako. Shida ni nyumbani. Nikipiga magoti peke yangu sina neno, naanza "Baba katika jina la Yesu" halafu basi, akili imeshaenda kazini, imeshaenda kwenye meseji sijaijibu, mara nashtuka nimelala hapo hapo kichwa kiko kitandani magoti yako chini, shavu lina alama za shuka. Huu ni mwezi wa nane sasa nahangaika hivi. Nimefunga, nimetega alamu saa tisa usiku, nimeenda mikesha, wapi. Mchungaji naogopa kumwambia, atanitoa kwenye huduma. Mungu ameniacha? Au mimi ni mnafiki? – Dada wa Maiki

JIBU: Asifiwe sana mwanangu. Hujaachwa, na wewe sio mnafiki, mnafiki hakosi usingizi kwa sababu ya jambo kama hili.

Ngoja nikuambie la kwangu kwanza. Zamani na mimi nilikuwa naongoza maombi, na nilijiona naweza kweli kweli. Siku moja tumetoka kanisani mwanangu, alikuwa na miaka kama saba hivi, akaniuliza, mama, mbona Mungu unamwita kila saa, kwani hasikii? Kumbe alikuwa amekaa pale anahesabu kwa vidole na vya jirani yake, "Baba" nimeitaja mara arobaini na kitu kwenye sala moja. Nilicheka ila usiku sikulala. Maana nilijua kile ni kiungo tu, nakitia pale ninapokosa cha kusema ili nisinyamaze mbele za watu.

Sasa angalia kinachokutokea. Pale mbele una kinanda kinapigwa taratibu, una watu mia wanaitikia amina, ukipunguza sauti na wao wanapunguza, ukipandisha wanapanda na wewe, yaani unabebwa. Sisemi ni uongo, Mungu anaweza kupita hapo vizuri tu. Lakini miaka sita umezoea kuomba kwa sauti ya maiki, na chumbani hakuna maiki, hakuna amina, hakuna wa kumpandisha, kwa hiyo ile sauti inakufa kwa sababu haikuwa ya chumbani tangu mwanzo. Yako mwenyewe, ile unayomwambia dada yako kwenye simu kwamba leo nimechoka mpaka nalia, hiyo hujawahi kumpelekea Mungu. Jaribu hiyo. Funga mlango, Yesu mwenyewe alisema kwenye Mathayo 6 uingie chumba cha ndani ufunge mlango, halafu badala ya kuanza na "Mungu wa Ibrahimu, Isaka na Yakobo" anza na "sijisikii kuomba leo, na naogopa". Kama yameishia hapo yaishie hapo. Hiyo ni sala, na mimi naona ina uzito kuliko robo saa ya kukemea mapepo.

Kuhusu usingizi, naomba alamu ya saa tisa uizime wiki hii. Unaamka mapema, unashinda kazini, jioni mazoezi ya kikundi, halafu saa tisa usiku unapiga magoti kwenye godoro laini na taa imezimwa, unategemea nini kama sio kulala? Petro na wenzake walilala Gethsemane na Yesu yuko hatua chache tu anatoka jasho, na Luka anasema walilala kwa huzuni. Nabii Eliya naye chini ya ule mti wa mretemu aliomba afe, na Mungu hakumpa mahubiri, alimtumia malaika na mkate na maji, akala akalala, akaamshwa akala tena, mazungumzo yakaja baadaye kabisa kule Horebu. Kwa hiyo lala. Omba saa ambayo macho yako yako wazi, ukiwa umekaa kwenye kiti au unatembea, na utoe sauti hata ya kunong'ona maana ya kichwani tu inapotea haraka sana. Dakika saba zinatosha. Nasema saba kwa sababu kumi utaanza kuzihesabu.

Na akili kuhama isikutishe, ni ugonjwa wa wote. Teresa wa Avila, yule mtawa wa Hispania wa karne ya 16 ambaye watu mpaka leo wanajifunza kwake mambo ya sala, aliandika mwenyewe kwamba kuna miaka alikuwa anasikilizia saa igonge ili muda wa sala uishe. Teresa! Mimi naweka karatasi na kalamu pembeni, likija la "sijalipa bili" naliandika naendelea, na kama ni mtu amenijia basi namuombea huyo huyo, pengine ndiye aliyetakiwa kuombewa na mimi nilikuwa nahangaika na orodha yangu.

Siku ambayo huna neno kabisa azima maneno. Mwaka 1535 kinyozi wa Martin Luther, yule mwanamageuzi wa kanisa wa Ujerumani, alimuuliza swali kama lako, ataombaje, na Luther akamwandikia maelezo marefu, akamwambia yeye mwenyewe akijisikia baridi huwa anachukua Zaburi zake anaingia chumbani na kuanza kuzitamka, na Amri Kumi, na Imani ya Mitume, mpaka moyo upate moto. Tena akamkumbusha kwamba kinyozi akiwa na wembe mkononi huku anapiga stori anaweza kumkata mteja pua, ndivyo na sala inavyotaka mtu awepo. Zaburi ziko 150, huwezi kukosa ya siku yako. Anza na ya 13, "Ee BWANA, hata lini utanisahau", mistari sita tu.

La mchungaji, mwambie. Mwambie wewe kabla hujachoka ukaachia maiki njiani, na umuombe mwenyewe likizo ya miezi miwili mitatu, ukae viti vya nyuma uombewe na wengine. Akikutoa kwa hasira basi amekusaidia kujua jambo fulani kuhusu hiyo idara. Ila kama ukavu huu wa sala umekuja pamoja na kukosa hamu ya kula, kulia bila sababu, kuona maisha hayana maana, usiishie kwa mchungaji, muone na daktari, hiyo haiitwi kukosa imani.

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni kijana, nimeokoka mwaka jana. Kwenye kikundi chetu cha maombi kila mtu anaomba kwa zamu kwa sauti na wenzangu wanaomba dakika kumi na tano, wananena kwa lugha, wanataja mistari. Zamu yangu ikikaribia moyo unadunda, mikono inatoa jasho, nimeshaanza kujifanya naenda chooni. Nifanye nini? – Wa Chooni

JIBU: Marahaba mwanangu, pole, na asante kwa kunichekesha.

Zamu ikifika sema sentensi mbili. "Bwana asante kwa siku ya leo. Msaidie fulani apone, amina." Kaa chini. Watashangaa mara ya kwanza, ya tatu hawatashangaa, na nakuhakikishia kuna mmoja hapo kwenye duara atashusha pumzi kwamba kumbe inaruhusiwa, maana na yeye dakika kumi kati ya zile kumi na tano anazijaza tu. Petro akiwa anazama alisema "Bwana, niokoe" akashikwa mkono, angeanza na utangulizi tungekuwa tunasoma habari nyingine. Yule mama Hana wa kwenye Biblia alipokuwa anaomba mtoto sauti haikutoka kabisa, midomo tu inacheza, na kuhani Eli aliyekaa pale mlangoni akadhani mama wa watu amelewa. Unaona, hata kuhani alikosea kusoma, seuze wana kikundi wako.

Kunena kwa lugha usilazimishe wala usiigize ili ufanane nao. Paulo kwenye 1 Wakorintho 12 anauliza kabisa, je wote wanena kwa lugha? na jinsi alivyouliza jibu unalijua. Na kiongozi wenu nikimpata ningemwambia zamu za lazima aziache, anayeomba aombe, anayenyamaza anyamaze.

SWALI: Mama, nimeomba miezi kumi na moja kwa ajili ya mke wangu. Tulifunga, kanisa lilifunga, tuliambiwa ameshapona kwa imani. Alifariki. Baada ya mazishi kiongozi mmoja akaniambia labda kulikuwa na shaka moyoni mwangu. Tangu hapo siwezi kufumba macho. Nikisema "Baba" hasira inanipanda. Kanisani naenda kwa sababu ya watoto. – Baba wa Wawili

JIBU: Kaka yangu, pole. Nimeisoma barua yako asubuhi nikaiweka, nikaisoma tena jioni.

Aliyekuambia vile alikosea, nalisema wazi na akitaka aniandikie. Yule baba wa mtoto mgonjwa kwenye Marko 9 alimwambia Yesu "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu", shaka imekaa hapo hapo kwenye sala, na mtoto akaponywa siku hiyo hiyo. Halafu Paulo, ambaye leso zilizogusa mwili wake zilikuwa zinapelekwa kwa wagonjwa wanapona, anaandika kwenye 2 Timotheo 4 kwamba Trofimo, mwenzake wa safari, amemwacha Mileto akiwa mgonjwa. Hajaeleza kwa nini, hajasema Trofimo alikuwa na shaka. Mwiba wake mwenyewe wa mwilini Paulo aliomba mara tatu uondoke na haukuondoka. Na Gethsemane Mwana aliomba kikombe cha mateso kimwepuke, mara tatu maneno yale yale, na akakinywa. Sasa nani atasimama aseme Yesu alipungukiwa imani?

Kwa nini mkeo hakupona sina jibu, na ningekuwa na jibu ningeogopa kukupa.

Hasira yako ipeleke kwake Yeye, usiizungushe kwa watoto wala usiifukie. Kuna Zaburi ya 88, isome ukiwa peke yako. Zaburi nyingi za kulia zinageuka mwishoni zinakuwa sifa, ile haigeuki, mwandishi analalamika mpaka mstari wa mwisho na inaishia gizani, na bado ikawekwa kwenye kitabu cha sala cha watu wa Mungu. Kufumba macho sio lazima. Kusema "Baba" pia sio lazima kwa sasa, sema "wewe". Mwambie "wewe ulikuwa wapi", Martha alipofiwa na Lazaro alimwambia Bwana karibia hivyo hivyo, kama ungalikuwapo hapa ndugu yangu hangalikufa, na Bwana hakumfokea. Siku nyingine usiseme kitu, kaa tu kwenye kiti dakika mbili ukiwa na hasira zako. Warumi 8 inasema hatujui kuomba jinsi itupasavyo na Roho anatuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa, kwa hiyo kuna anayeugua pamoja na wewe hata ukinyamaza mwaka mzima.

Na watafute watu wawili wa kanisa lako, sio wa kukufundisha, wa kuja kukaa. Waambie kabisa, njooni mkae, msihubiri. Watoto nao waache wamtaje mama yao kwenye sala zao za usiku, wamshukuru Mungu kwa ajili yake, waulize wanachotaka kuuliza, hata kama wewe siku hiyo umesimama mlangoni tu unasikiliza.

SWALI: Mama mimi naomba saa nzima kila usiku, mume wangu yeye dakika mbili kisha anavuta shuka. Ananikera sana, najiona nabeba nyumba peke yangu kiroho. Nimrekebishe vipi? – Mama Saa Nzima

JIBU: Mama, chukua Sala ya Bwana, isome kwa sauti kwa mwendo wa kawaida huku unaangalia saa. Hata dakika moja haifiki. Wanafunzi walipomwambia "Bwana, tufundishe sisi kusali" hiyo ndiyo aliyowapa. Saa yako nzima ni nzuri, endelea nayo mradi huihesabii mtu mwingine. Muulize tu siku moja katika zile dakika mbili huwa anasema nini, lakini uulize kwa upole, na kuna uwezekano ukakuta jina lako lipo humo kila usiku. Usiku wa leo mwache mzee alale.