Minyororo ya mpira kwa kifaru cha M3 Lee, jibu kwa jamaa wa Kisumu

Ndugu wa Kisumu, umeuliza mbona minyororo ya Lee yako, ile modeli ya plastiki ya kuunganisha ya skeli 1/35 (ndogo mara 35 kuliko kifaru chenyewe), inakataa gundi na tope utalitengeneza vipi bila eabrashi, ile bomba ndogo ya kupulizia rangi. Hujakosea popote. Bodi ni polistairini, plastiki ngumu, lakini minyororo ya seti hizi za zamani ni vinaili, plastiki laini kama mpira, sasa ile gundi ya majimaji inayoyeyusha plastiki haiwezi kuishika, na supa glu nayo inashika siku mbili halafu ukiinua kifaru unasikia tap, imeachia.

Dawa ni moto. Mwisho mmoja wa mnyororo una vipini, ule mwingine una matundu. Pitisha vipini, chukua bisibisi bapa ya zamani (sio ya mzee, mimi nilifokewa), ipashe kwa jiko la gesi kidogo tu isifike kuwa nyekundu, kisha gandamiza kila kipini mpaka kichwa kilale kama cha msumari. Ukiona moshi umezidisha, na fungua dirisha maana huo moshi sio wa kuvuta. Hiyo jointi ielekeze chini ya gurudumu, huko itafichwa na tope. Alafu gundi ya magurudumu ikauke usiku mzima kwanza kabla hujavalisha mnyororo, mimi nilivuta mnyororo mapema na lile gurudumu la meno la mbele likalala upande, mpaka leo linanitazama vibaya.

Rangi piga na brashi, nyepesi, mikono mitatu, kila mkono ukauke. Ila thina ya rangi ya magari usiguse! Kuna hadwea hapa Nakuru waliniuzia wakiapa inafaa plastiki yote, nikafuta upande wa kushoto na ile safu ya riveti, vile vichwa vidogo vya misumari ya chuma, ikayeyuka ikawa kama siagi, na Lee bila riveti sio Lee. Nilizirudisha moja moja kwa gundi nyeupe, unachovya ncha ya kijiti cha meno, unagusa, unaacha tone. Jioni mbili zilienda hapo. Zikikauka zinasinyaa kidogo so weka tone kubwa kuliko unavyotaka.

Sasa tope. Mimi nilichagua Lee kwa sababu ya babu, alikuwa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza) kule Burma na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wale walioshuka bonde la Kabaw kwa ile masika ya 1944, na Lee zilikuwa kwenye vita hivyo vya Burma. Kwa hivyo nilitaka matope matope. Lakini fikiria skeli: chembe ya milimita 1 kwa modeli ni jiwe la sentimita 3.5! Udongo wa shamba ukiumwaga tu hivyo, kifaru kinaonekana kimepita kwa machimbo ya kokoto. Vumbi letu la Nakuru ni laini lakini bado nililichuja kwa stokingi mara mbili, nikachanganya na gundi nyeupe, maji na rangi ya kahawia, maana peke yake limepauka sana. Nzito paka magurudumuni na chini ya bodi, ukipanda juu punguza. Kwa tareti, kile kichwa cha juu kinachozunguka, usiweke kitu, wengi wanaharibia hapo.

Na tope usilipake siku moja na rangi, ngoja angalau kesho yake.