Bamvua, masafa hasi na amplifaya inayonguruma: maswali yenu kuhusu Fourier

*Mwalimu, shikamoo. Tumemaliza mfululizo wa Fourier, sasa tumeletewa badiliko la Fourier kwa ishara za wakati usiokatika. Tofauti iko wapi? – Mwanafunzi, Tudor*

Marahaba. Vyote viwili huvunja ishara kuwa mawimbi sahili ya masafa mbalimbali (masafa ni mara ngapi wimbi hujirudia kwa sekunde; hezi 1 ni mara moja). Mfululizo ni wa ishara inayojirudia. Ikijirudia kila sekunde 1, masafa yake yanaweza kukaa kwenye hezi 1, 2, 3 na kuendelea tu. Katikati hamna kitu. Irefushe duru, yaani muda wa kujirudia mara moja, iwe sekunde 10, mistari inasogeleana hadi kila hezi 0.1. Iwe sekunde 1,000, ni kila hezi 0.001. Ishara isiyojirudia kamwe ni kama yenye duru isiyo na mwisho: mistari imeshikana ikawa grafu moja isiyokatika, na kujumlisha kumegeuka integrali, yaani kujumlisha kusikokatika.

Joseph Fourier mwenyewe hakuwa akiwazia redio. Mwaka 1807 aliwasilisha Paris kazi kuhusu joto linavyosambaa katika vitu vigumu, mwanahisabati Lagrange akaitilia shaka, na kitabu chake hakikutoka hadi 1822. Kwa hiyo wewe ukichukua wiki mbili kuelewa, usijilaumu.

*Salaam aleikum mwalimu. Mwanangu asoma uhandisi, aniambia hesabu zake zaweza kueleza bamvua. Mimi bahari naijua tangu utotoni. Hesabu zaniongezea nini? – Nahodha wa mashua, Mji wa Kale*

Waaleikum salaam, nahodha. Mwanao hakukudanganya. Wajua kwamba maji hujaa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kama dakika 50. Ni kwa sababu wimbi kuu la mwezi lina duru ya saa 12 na dakika 25. Jua nalo lina wimbi lake, dogo zaidi, la saa 12 kamili. Karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, mawimbi haya hupanda pamoja, nawe unapata bamvua, maji yanapojaa na kupwa kwa wingi. Baada ya wiki hivi, moja hupanda huku lingine likishuka, na hayo ndiyo maji mafu.

Sasa chora kina cha maji ya Kilindini usiku na mchana, bila kuinua kalamu. Badiliko la Fourier huuliza kila masafa swali lile lile: wewe umo humu kwa kiasi gani? Linazidisha mchoro wako kwa wimbi la masafa hayo, kisha linajumlisha yote. Kama masafa hayo hayamo, chanya na hasi hufutana na jumla hubaki karibu na sifuri. Yakiwemo, mazao yake hurundikana duru baada ya duru. Jaribu saa 12 na dakika 25: kilele. Jaribu saa 12: kilele kingine, kifupi. Jaribu saa 9: kimya.

Ninapopapenda zaidi ni hapa. Ukipima siku tatu tu, vilele vile viwili vinaonekana kimoja kinene. Kuvitenganisha kunataka karibu siku 15, ambazo ndizo za kutoka bamvua moja hadi nyingine! Ishara ikiwa fupi katika wakati, hutanuka katika masafa, na hakuna kompyuta ya kuliponya hilo. Wewe huwezi kumweleza mgeni bamvua kwa kumwonyesha bahari siku tatu. Fourier naye hawezi.

Na kazi hii ilifanyika kabla ya kompyuta. Miaka ya 1870 William Thomson, aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, aliunda mashine ya magurudumu na kapi iliyojumlisha mawimbi ya aina hii na kuchora maji ya siku zijazo.

*Masafa hasi ni kitu gani? Sijaona redio yenye hezi hasi. – Mwanafunzi mwingine, Tudor*

Wala hutaiona. Hesabu hutumia magurudumu yanayozunguka, na gurudumu laweza kuzunguka kulia au kushoto. Hasi ni upande tu. Kosini moja ni magurudumu mawili yaliyo sawa, yanayozunguka kinyume. Kwa ishara halisi, upande hasi ni kivuli cha upande chanya: ukubwa ule ule, fezi (mahali wimbi linapoanzia) imegeuzwa alama, chanya ikawa hasi. Soma upande mmoja, lakini usisahau nusu yake kwenye mtihani.

*Amplifaya ya mteja inanguruma. Programu ya simu inaonyesha vilele kwenye hezi 100 na 200. Nianzie wapi? – Fundi, Majengo*

Fundi, simu imeshakufanyia nusu ya kazi. Umeme wetu ni hezi 50, na daraja la dayodi nne hugeuza kila nusu ya wimbi ielekee upande mmoja, ndipo unapata 100. Shuku kapasita kubwa za kuchuja kwenye pawa saplai, hasa kama zimevimba. Kingekuwa kilele cha 50, ningeanza na ethi na nyaya za maikrofoni. Na zile kapasita zitoe chaji kwanza kabla hujatia mkono.