Klorini ya masika huombwa zaidi ya mwaka mmoja kabla

Maafisa afya wa kata, watendaji wa mitaa na vijiji, na ninyi wahudumu wa afya ngazi ya jamii mnaopita nyumba kwa nyumba, haya nimewaandikia ninyi. Nimefanya kazi ya afya ya mazingira katika kata za Dar es Salaam kwa miaka mingi, na nilikuwa kazini Agosti 2015 kipindupindu kilipoanzia jijini kisha kikasambaa mikoa mingi ya Bara hadi Zanzibar. Natamani kila anayeanza kazi hii ajue mapema kwamba elimu na vifaa haviachani. Ukipita na kipaza sauti ukihimiza watu watibu maji, na dawa yenyewe, klorini, haipo dukani wala zahanati, umewaachia hofu tu.

Nianze na fedha, maana hapo ndipo wengi wetu hukwama. Mwaka wa fedha wa serikali huanza 1 Julai. Vipaumbele vinavyoingia kwenye Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri, yaani mpango na bajeti yake ya afya ya mwaka, huanza kukusanywa miezi mingi kabla ya hapo, wakati mvua za vuli zinanyesha. Sasa piga hesabu: klorini utakayoihitaji masika, Machi hadi Mei, inatakiwa iwe imeandikwa katika mpango uliotayarishwa vuli iliyotangulia Julai ya mwaka huo wa fedha, yaani zaidi ya mwaka mmoja kabla. Anayekumbuka Machi, maji yakiwa yameshajaa vichochoroni, anakwenda kuomba kwenye mwaka ambao fedha zake zimeshagawanywa. Mganga Mkuu wa Halmashauri anaweza kukuhurumia, lakini huruma hainunui klorini.

Na ukiomba, usiandike "kuimarisha mapambano dhidi ya magonjwa ya mlipuko." Mstari wa namna hiyo ndio unaofutwa kwanza bajeti ikizidi. Andika visima vingapi, kaya ngapi zinavitegemea, ndoo ngapi za klorini ya unga, vipimo vingapi vya kupimia klorini iliyobaki kwenye maji. Mtu anayepitisha bajeti akiona idadi ya kaya, inamwia vigumu kuipiga kalamu.

Hesabu hiyo usiifanye ukiwa mezani. Mimi nilikaa na mwenyekiti wa mtaa, wajumbe, na hasa akina mama wanaouza chakula na vijana wanaosukuma mikokoteni ya madumu. Hao ndio waliotuonyesha visima vya watu binafsi vinavyouza maji nyuma ya nyumba, ambavyo havikuwa kwenye orodha yoyote ya ofisi. Mwenye kisima ukimfuata kwa vitisho anafunga geti, kisha anauza usiku. Ukimfuata kwa salamu, ukapima maji yake mbele yake na kumwonyesha rangi ya kipimo, mara nyingi anakuwa mwenzako. Tulichokuwa tunatafuta ni klorini iliyobaki isiyopungua miligramu 0.2 kwa lita pale mteja anapochota, na zaidi ya hapo wakati wa mlipuko, kwa sababu dumu hukaa nyumbani siku kadhaa na mikono mingi huingia humo.

Kuna mfuko mwingine ambao wananchi wengi hawaujui. Tangu mwaka wa fedha 2017/18, sehemu ya fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya, unaochangiwa na wafadhili, hupelekwa moja kwa moja kwenye akaunti za zahanati na vituo vya afya, na kamati ya usimamizi ya kituo ina sauti katika matumizi yake. Kwenye kamati hiyo wamo wawakilishi wa wananchi. Wajue kwa majina. Waambie waulize kama ORS (chumvichumvi ya kuchanganya na maji ili kurudisha maji mwilini), zinki kwa ajili ya watoto na dripu zimewekwa akiba kabla ya mvua.

Upande wa elimu, chagua maneno machache ambayo mtu anaweza kuyatenda siku hiyohiyo. Kipindupindu huua kwa kumaliza maji mwilini, na kinaweza kufanya hivyo ndani ya saa chache. Wagonjwa wengi hupona kwa ORS wakianza mapema. Kwa hiyo ujumbe ninaoupa uzito kuliko wote ni huu: ukianza kuharisha maji yanayofanana na ya kuoshea mchele, anza kunywa ORS hapo ulipo, na uendelee kunywa njiani kuelekea kituoni. Halafu wafundishe kuichanganya. Pakiti moja ni ya lita moja ya maji salama, yaani chupa mbili za nusu lita. Nimekuta kinamama wanaimimina yote kwenye glasi moja, na chumvi nyingi kiasi hicho ni hatari kwa mtoto. Pakiti isipokuwepo, ni vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vilivyosawazishwa juu bila kilima, katika lita moja ya maji salama. Changanya mbele yao kliniki, wape waonje, kisha mmoja wao arudie huku wenzake wakimwangalia.

Wazee wetu waliifanya kazi hii vizuri. Katika kampeni ya Mtu ni Afya ya 1973, vikundi vilikaa pamoja kusikiliza redio, vikajadili, kisha vikainuka kuchimba vyoo na kufukia madimbwi yanayozalisha mbu. Kusikia na kutenda vilifuatana, na bado naamini ndiyo njia.

Acheni pia kukiita kipindupindu ugonjwa wa watu wachafu. Neno hilo linaua. Mgonjwa anafichwa chumbani, nguo zake zinafuliwa usiku, na taarifa inakufikia nyumba ya tatu ikiwa imeshaambukizwa. Hata wanaotapisha vyoo, yaani kuachia kinyesi kitiririke na maji mvua ikinyesha, wengi wanaishi pale maji ya ardhini yalipo karibu na gari la kunyonya haliwezi kuingia. Faini ipo kisheria na ina mahali pake. Lakini kabla ya mvua orodhesha vyoo vilivyojaa, utafute wenye pampu ndogo na guta zinazopita vichochoroni, mkubaliane bei ambayo kaya kadhaa zinaweza kuchangia pamoja.

Msibani kunahitaji upole wa pekee. Usifike na dawa ya kupulizia kabla hujatoa pole. Zungumza kwanza na imamu au padri na wakubwa wa familia, mkubaliane nani ataosha mwili, kwa kinga gani, na chakula cha waombolezaji kitapikwa wapi. Familia ikiheshimiwa, inakubali.

Namba 199 ya Wizara ya Afya ni ya bure. Ibandike dukani, kijiweni na kwenye mlango wa ofisi ya mtaa, uwaambie watu waipige hata kama hawana uhakika na wanachokiona.

Kikao kijacho cha Kamati ya Maendeleo ya Kata, nenda na orodha yako ya visima, vyoo na kaya. Iombee iingie kwenye muhtasari neno kwa neno. Ukishasainiwa, chukua nakala moja umpelekee mratibu wa afya ya mazingira wa halmashauri, na nyingine ubaki nayo.