Maswali na Majibu: Mianya katika sakafu ya mbao, Phoenix

SWALI

Ndugu Mhariri, tunaishi Phoenix, jimbo la Arizona, nchini Marekani. Tulihamia nyumba yenye sakafu ya mbao pana za mwaloni, na mwezi wa Septemba tulipoingia hatukuona kasoro yoyote. Kufikia Mei mianya ilikuwa imejitokeza kati ya mbao, mingine mipana kiasi kwamba sarafu inatumbukia, na baadhi ya mbao zimeinuka kingo. Fundi anashauri tuzibe mianya kwa puti, tupige msasa wa mashine na kupaka vanishi upya. Je, tukubali?

Msomaji, Phoenix

JIBU

Ndugu msomaji, tunakusihi usikubali kwa sasa. Kwa maelezo yako, inaelekea mbao zimesinyaa tu, hazijaharibika, na kazi anayoipendekeza fundi ndiyo inayoweza kuziharibu.

Ubao huendelea kunyonya na kuachia unyevu hata baada ya kukaushwa kiwandani na kupigiliwa sakafuni. Hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 50, ubao hutulia ukiwa na maji yanayokaribia asilimia 9 ya uzito wake mkavu. Hewa ikishuka hadi asilimia 20, maji hayo hubaki kati ya asilimia 4 na 5. Kwa mtu aliyezoea Mombasa au Dar es Salaam, ambako kero ya masika ni milango kuvimba na kukataa kufunga, hali ya jangwani ni kinyume chake. Kusinyaa huko hutokea kwa upana, karibu hakuna kwa urefu, na ndiyo maana upana wa ubao una umuhimu mkubwa: ubao wa mwaloni mwekundu wenye inchi 5, uliopasuliwa kwa namna ya kawaida, hupungua takriban milimita 2 katika mabadiliko hayo, ilhali ule wa inchi 2 na robo haufikishi milimita 1.

Sasa fikiria puti imeshajaza nafasi hiyo, kisha msimu wa mvua za Arizona unaingia, kuanzia katikati ya Juni hadi mwisho wa Septemba. Mbao zinavimba na hazina pa kwenda, hivyo zinasukumana, zinapondana kingo, na wakati mwingine zinabanduka kutoka kwenye zege. Msasa nao una hatari yake. Kingo huinuka kwa sababu uso wa juu umekauka kuliko upande wa chini. Ukizisaga leo, siku ubao utakaponyooka katikati patabaki na kigongo.

Kinachoumiza sakafu zaidi ni unyevu kupanda na kushuka mno, kwa hiyo lengo lako liwe hewa isiyoyumba. Nunua vipima unyevu viwili vya bei nafuu, kimoja ukiweke sebuleni na kingine katika chumba cha mbali, uandike vipimo asubuhi na jioni. Kiwango kinachofaa sakafu nyingi za mbao ni asilimia 30 hadi 50, na kwa Phoenix tunaona ni busara kulenga 35 hadi 40 na kushikilia hapo mwaka mzima, kwa msaada wa mashine ya kuongeza unyevu hewani. Maji ya bomba ya Phoenix yana chumvichumvi nyingi, na mashine zinazorusha ukungu huacha vumbi jeupe juu ya kila kitu. Chagua ile inayopitisha hewa kwenye kitambaa kilicholowa. Kama nyumba ina kipoza hewa cha maji pamoja na kiyoyozi cha kawaida, usihame ghafla kutoka kimoja kwenda kingine bila kutazama kipima unyevu, kwani cha kwanza huongeza maji hewani na cha pili huyaondoa. Mnaposafiri kiangazi, msizime kiyoyozi kabisa.

Vanishi hupunguza kasi ya unyevu kuingia na kutoka, haiuzuii. Kumwagia sakafu maji ili mbao zivimbe ni kosa, na kupiga deki kwa mvuke pia. Kitambaa kilichokamuliwa vizuri kinatosha. Teremsha mapazia upande unaopigwa na jua la mchana.

Iwapo siku moja mtabadilisha sakafu, mbao za tabaka zilizogundishwa kwa kukingamana husinyaa kwa kiasi kidogo kuliko mbao nzima, ingawa nazo uso wake hupasuka hewa ikikauka kupita kiasi.

Mwambie fundi arudi mwishoni mwa Septemba, aje na kipima unyevu wa mbao. Ikiwa mianya itakuwa imejifunga lakini kingo bado zimeinuka, yumkini kuna maji yanayopanda kutoka kwenye jamvi la zege au bomba linalovuja, na hayo yapimwe kabla ya msasa kugusa ubao wowote.